Shangazi na Kompaila ya Pili

Nilijua kuna jambo ofisini kwa shangazi siku watu walipoacha kucheka wote kwa mpigo. Tulikuwa tumefuata sukari tu, yeye na mimi, maana birika la ofisi ya maji liko chumba cha mbele na kopo la sukari linakaa mezani kwa sekretari. Kabla hatujafungua mlango walikuwa wanacheka kweli kweli. Tulipoingia, kila mtu akakumbuka kwamba ana kazi. Mmoja alianza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika. Sekretari akalisogeza kopo kwa ncha ya kidole hadi ukingoni mwa meza, kama mtu anayemsogezea chakula paka asiyemwamini.

"Ahsante," shangazi akasema.

"Karibu," sekretari akajibu, macho yake yako kwenye skrini.

Huyu sekretari wote wanamwita Kengele kwa sababu ya sauti yake. Akiita mtu kutoka chumba cha mbele, hata walioko uani kwenye matangi wanageuka. Yeye na shangazi walikuwa marafiki wa kula sahani moja. Walikuwa wakisukana nywele siku za mapumziko na kuwasengenya watu wale wale. Sasa hata sukari inatolewa kwa kidole kimoja.

Nieleze kwanza shangazi anafanya kazi gani, kwa sababu nikiwaambia wenzangu shuleni wanadhani anatengeneza printa. Printa pia anatengeneza, ila kazi yake hasa ni nyingine. Ofisi ya maji haitaki kompyuta zake ziguse mtandao wa nje. Kwa hiyo ile programu kubwa ya ofisini, yenye sehemu ya kuandikia barua, ya kupigia hesabu na ya kuchorea chati, haiji pale ikiwa imeshaiva. Shangazi anachukua msimbo wake, yaani maandishi yenyewe ya watu walioitunga, mafaili mengi mpaka ukiyatazama unachoka macho. Anaongeza kamusi ya ofisi na mitindo ya barua zao, halafu anaijenga upya tangu mwanzo. Kuijenga kunakula siku nzima. Mashine inanguruma, mistari inapanda kwenye skrini bila kukoma, na ukimuuliza toleo jipya liko wapi anakujibu, "Subiri, inajengwa." Ndiyo maana jina lake ofisini ni Bi Subiri.

Mimi naishi kwake pamoja na bibi, mama yao yeye na baba, kwa kuwa nyumba yake iko karibu na shule. Likizo hii nilikuwa namfuata kazini karibu kila siku na vitabu vyangu. Nilisoma kidogo na kuuliza sana.

"Kwani hasa kinachojengwa ni nini?" nilimuuliza siku moja. "Si maandishi tayari yapo?"

"Maandishi yapo, lakini mashine haijui kusoma walichoandika watu. Lazima awepo mtafsiri katikati. Mtafsiri mwenyewe ni programu pia, inaitwa kompaila. Unaipa maandishi ya watu, inakupa amri ambazo mashine inazielewa."

"Kwa hiyo ukishakuwa na kompaila, basi."

"Wewe unadhani ni moja? Mimi natumia mbili. Maandishi ni yale yale, lakini ukiipa hii inakutolea hivi, ukiipa ile inakutolea vile. Zote zimetafsiri sawasawa. Ila moja kazi yake inakimbia, ya nyingine inachechemea."

"Kama walimu wawili na kitabu kimoja."

"Hapo umefika," akasema, na akanipa nusu ya mkate wake.

Sasa turudi kwenye kile kicheko kilichokatika. Siku iliyofuata nilipita chumba cha mbele peke yangu kwenda kunawa mikono, Kengele akaniita. Kwa sauti yake hiyo huwezi kujifanya hukusikia.

"Wewe mtoto wa Subiri, hebu njoo uone kitu."

Nikasogea. Alikuwa amefungua faili refu la bili za maji. Akasogeza ukurasa kwa kipanya. Ukurasa ukasita, herufi zikaja nusu, halafu nusu nyingine ikafuata. Akasogeza tena. Ukasita tena.

"Umeona?"

"Nimeona. Inachelewa."

"Haichelewi. Tazama vizuri. Kila ukurasa unasimama kidogo kabla sijauona. Kama kuna mtu anausoma kwanza, akimaliza ndiyo ananiachia mimi."

Na alivyosema, ndivyo ilivyoonekana hasa.

"Labda kompyuta imezeeka," nikasema.

"Imezeeka tangu zamani, na ilikuwa inakimbia. Kilichobadilika ni toleo jipya la shangazi yako, hicho tu." Akainamisha kichwa na kupunguza sauti, ingawa kwa Kengele kupunguza sauti ni kuongea kama watu wengine. "Yule kijana wa mita aliandika barua ya kuomba kazi kwingine. Aliandikia hapa, kwenye kompyuta ile pale. Kesho yake meneja anamwuliza, eti nasikia unatuacha? Nani kamwambia meneja?"

Nikageuka niondoke.

"Usimwambie kwamba nimekuambia," akasema. "Au mwambie. Atajua tu."

Nilipotoka pale nilikuwa najua mambo mengine pia, kwa sababu Kengele akianza haachi njiani. Watu wa chumba cha mbele walikuwa wamekwenda kwa meneja. Wamesema hawawezi kufanya kazi na mashine zinazowapeleleza, na mwenye kuzitengeneza aondolewe. Meneja aliwajibu kwamba mwisho wa wiki atatoa uamuzi, na kwamba kule kituo cha pampu, mbali na mji, kuna nafasi wazi. Kituo cha pampu kina kompyuta moja, na niliwahi kusikia inatumika kuzuia dirisha lisijifunge. Shangazi akipelekwa kule, kazi yake yote hii inaishia hapo.

Nikaanza kumchunguza shangazi. Sikupenda kufanya hivyo, lakini jicho likishaanza halisikii. Niliona kwamba nikiingia chumbani kwake, mara nyingine skrini inazimika. Niliona anafunga mlango kwa ufunguo hata akienda msalani. Mashine yake ilikuwa na taa ndogo ya kijani inayowaka na kuzima wakati hakuna mtu aliyeigusa. Halafu siku moja alitabasamu peke yake mbele ya skrini, na nilipomwuliza anacheka nini akasema, "Hakuna."

Nyumbani, kwa kushuku watu, hakuna wa kumfikia bibi. Bibi anamshuku fundi bomba, anamshuku kuku wa jirani, na anaishuku friji, ambayo anasema inanguruma yeye tu akiingia jikoni. Jioni ile tulikuwa mezani, shangazi analalamika.

"Wananifanyia makusudi," alisema. "Programu haina shida yoyote. Kwangu inateleza kama maji. Lakini Kengele ana shemeji yake mwenye duka la programu mjini. Mimi nikiondoka, ofisi itanunua kwa shemeji. Hesabu si ngumu."

"Nilikuambia zamani," bibi akasema. "Mtu mwenye sauti kubwa vile anaficha kitu kidogo."

Nikaona nikikaa kimya nitapasuka. "Shangazi, umeweka kitu ndani?"

Akaweka kijiko chini. "Kitu gani?"

"Cha kuwasoma watu."

Akanitazama mimi, halafu akamtazama bibi, akitegemea atanikaripia.

"Mwache mtoto aulize," bibi akasema. "Hata mimi nilikuwa nataka kuuliza."

"Mama, hata wewe?"

"Mimi nilikuzaa tu. Kilichomo kichwani mwako sikukiweka mimi."

Shangazi hakucheka. Alisukuma sahani, na niliona macho yake yamebadilika rangi. "Sijaweka kitu," akasema polepole. "Sijawahi. Hata ningejua pa kuanzia, nisingeweka. Skrini yangu inajizima yenyewe isipotumika, kama ndicho unachoniangalia kila ukiingia, maana nimekuona. Na mlango naufunga kwa sababu mashine ya zamani iliungua mtu alipochomeka jiko la umeme mle ndani."

Nikaona aibu, lakini swali lilikuwa bado linanikereketa. "Lakini kwa Kengele inasimama kweli, shangazi. Nimeona kwa macho yangu. Kila ukurasa."

"Kwangu haisimami."

"Kwako mashine ni mpya. Si umesema ya zamani iliungua?"

Alikuwa anataka kujibu, mdomo ukabaki wazi. Akaniangalia kama nimesema kwa lugha nyingine. "Mashine mpya," akarudia, na hakula tena usiku ule. Bibi alivuta sahani yake akaimaliza, akisema kwamba chakula hakina kosa.

Kesho yake mchana, watu wa chumba cha mbele walipotoka kwenda kula, shangazi alifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu asingelifanya wiki ile. Alikwenda kuketi kwenye kiti cha Kengele. Alitaka kuona kwa macho yake, kwenye mashine ileile ya zamani, kile wanachokiona wao. Mimi nilisimama mlangoni nikisema, "Shangazi, tuondoke," na yeye anasema, "Kidogo tu." Alifungua lile faili la bili na kusogeza kurasa. Alisogeza chati pia. Aliandika mstari mmoja na kutazama herufi zinavyokuja nyuma ya kidole. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza mapigo ya moyo ya mgonjwa.

"Inachora polepole," akanong'ona. "Haisomi. Inachora. Kuchora ndiko kunakoiua."

"Umekuja kuchukua ulichoweka?"

Kengele alikuwa nyuma yangu. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameongea kwa sauti ndogo, na ilitisha kuliko ile kubwa.

Shangazi alisimama. "Nimekuja kuangalia."

"Kwenye kiti changu, mimi nikiwa sipo."

"Ningekuomba ungekubali?"

"Sasa hatutajua," Kengele akasema, akafuta kiti kwa kitambaa kabla ya kukaa.

Haikuchukua muda kufika kwa meneja. Alimwita shangazi, nikabaki koridoni nikimsikia akiongea kwa upole, na upole wa meneja ni kitu kibaya. Alisema yeye mwenyewe hana neno, lakini amani ya ofisi ni muhimu, na pale kituo cha pampu hewa ni nzuri. Shangazi alisema, "Nipe hadi mwisho wa wiki kama ulivyowaahidi," na alipotoka alinipita bila kuniona. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwake nami nikimkimbilia nyuma.

Alikaa, akavuta kibodi na kuandika jina fupi, akabonyeza. Mashine ikajibu kwa mstari mmoja. Akaliandika tena. Mashine ikajibu vilevile.

"Imesemaje?" nikauliza.

"Imesema haimjui."

"Nani?"

"Kompaila ya pili." Aliegemea kiti. Hakuonekana kama mtu aliyeshinda. Alionekana kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi usiku kucha.

Nilimsumbua mpaka akanieleza. Programu ile karibu yote anaijenga kwa kompaila ya kwanza, ambayo imekuja na mfumo wa kompyuta zao, na sehemu zote zimezoeana nayo. Lakini iko sehemu moja inayochora kila unachokiona kwenye skrini, herufi, mistari na rangi. Hiyo ukiipa kompaila ya kwanza inaitafsiri sahihi lakini kwa uzito, na kompyuta za zamani zinashindwa kuibeba. Kwa hiyo sehemu hiyo peke yake anaipa ya pili. Alifanya hivyo kila mara kwenye mashine iliyoungua. Alipoletewa mpya alipanga kila kitu upya, na kompaila ya pili akasahau kuiweka.

"Sasa mbona haikugoma? Si ingesema haipo?"

"Ilisema. Wakati wa kuanza, maandalizi yanaitafuta. Yasipoipata yanatoa mstari mmoja wa onyo, halafu yanaendelea na ya kwanza kwa kila kitu. Mstari mmoja, mwanangu, katikati ya mistari mingapi hii? Mimi nilikuwa nimekwenda kuchemsha chai. Halafu nikaijaribu kwenye mashine yangu mpya yenye nguvu, ikateleza, nikasema imekwisha."

"Kwa hiyo Kengele hakuwa anakuonea."

Alianza kutafuta diski yenye kompaila ya pili, na nikajua ndilo jibu lenyewe.

Jioni aliingia nyumbani karibu akiimba. Alisema kompaila ameshaiweka, kesho anaijenga upya sehemu ya kuchora, anawawekea wote kabla hawajafika kazini, na asubuhi kila ukurasa utakwenda mbio. Mwisho wa maneno.

Bibi alikuwa anachambua mchele. "Halafu watasemaje?"

"Watasema imepona."

"Mimi ningekuwa Kengele, nisingesema hivyo," bibi akasema. "Jana nimekufumania kwenye kiti changu. Leo kile kitu kilichokuwa kinanisoma kimetoweka, kimyakimya, na wewe ndiye uliyeingia mapema. Mimi ningesema umekiondoa baada ya kujulikana. Na ningewasimulia wote."

"Si kila mtu ana roho kama yako, mama."

"Kengele anayo. Ndiyo maana simpendi."

Shangazi alikaa kwenye mkono wa kochi kwa muda. Niliona furaha ikimtoka kama upepo kwenye mpira. Kuficha kosa kungemfanya aonekane mwizi, na kulisema bila ushahidi kungekuwa hadithi tu ya mtu anayeogopa kuhamishwa.

Asubuhi alikwenda kwa meneja na kumwomba jambo ambalo meneja alifikiri ni utani. Alitaka kujenga programu mbele ya watu, kwenye chumba cha mbele, na Kengele ndiye awe wa kubonyeza.

Meneja alikubali, nadhani kwa sababu alitaka kuona. Tulibeba ile mashine mpya, shangazi na mimi, tukaiweka kando ya meza ya Kengele, na watu wakaizunguka na mikono wameikunja vifuani kama wanasubiri mchawi atoe sungura kwenye kofia.

"Haya ni maandishi yenyewe," shangazi akawaambia. "Hayatabadilika tangu sasa mpaka mwisho. Kwanza tutaijenga kwa kompaila moja, kama nilivyokosea. Halafu sehemu ya kuchora tutaijenga kwa nyingine. Kila moja Kengele ataiweka kwenye flashi yake mwenyewe, na ataijaribu kwenye kompyuta yake mwenyewe. Mimi sitagusa kibodi."

"Kama ulivyokosea?" kijana wa mita akauliza.

"Kama nilivyokosea. Nilisahau kuiweka ya pili, nikawaambia ninyi ndio wagomvi."

Kengele akasema, "Nibonyeze wapi?"

Akaandika alichoelekezwa, kwa kidole kimoja, akisoma kila herufi kwa sauti kama anamwita mtu uani. Mistari ikaanza kupanda. Watu wakatazama. Wakatazama tena. Mistari ilipanda, ikapanda. Kijana wa mita akauliza sinema yenyewe inaanza saa ngapi. Mmoja baada ya mwingine wakakumbuka wateja wao, safari hii kweli, na kabla chai ya asubuhi haijapoa tulibaki watatu.

Kengele hakubanduka. Alifanyia kazi yake palepale, jicho moja kwenye barua na jingine kwenye mashine. Watu walipokwenda kula, yeye alisema ameshiba. Alipotaka kwenda msalani alimwambia shangazi, "Twende wote," na shangazi akaenda.

"Kuna kitu sielewi," Kengele alisema mchana, mistari bado inapanda. "Hicho kinachotafsiri. Wewe umekikagua?"

"Kompaila? Hapana. Wako watu wengi wanaoitunga na kuikagua. Mimi siwezi hata robo yake."

"Kwa hiyo na wewe unaamini tu."

"Naamini tu."

"Halafu mimi nikikushuku wewe unanuna."

Shangazi akacheka kwa pua. Kisha akasema, bila kumtazama, "Mimi nilijua unataka niondoke ili shemeji yako auze programu zake hapa."

Kengele aligeuza kiti chote. "Shemeji yangu yupi?"

"Mwenye duka."

"Yule? Yule hata nikimwona njiani napita upande wa pili. Alimwoa dada yangu akamrudisha na masanduku. Nimletee biashara yule?" Sauti ilikuwa imerudi, walioko uani wakageuka. "Tumekula pamoja muda wote ule na hujui hilo?"

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Ulikuwa unaniambia habari za kompyuta."

Wakageuziana visogo, kila mtu amekasirika kivyake. Nilijifanya nasoma jiografia. Baadaye nilimsikia shangazi akiuliza kwa sauti ya chini, "Yule dada, sasa yuko wapi?" na Kengele akaanza kumwambia. Mengine yalisemwa kwa kunong'ona, kwa hiyo sikuyapata, ingawa nilijitahidi sana.

Toleo la kwanza lilikamilika. Kengele akalitia kwenye flashi yake, akaiweka flashi kwenye mfuko wa blauzi na kufunga kifungo. Sehemu ya kuchora kwa kompaila ya pili haikuchelewa, kwa kuwa mengine yote yalikuwa tayari. Hiyo nayo ikaingia kwenye flashi nyingine, akaipaka rangi ya kucha ili asichanganye. Kabla ya kuzijaribu alimwambia shangazi atoke nje ya chumba, akamwita kijana wa mita awe shahidi, na mimi akanitazama akisema, "Na wewe pia, mtoto wa Subiri." Nikachungulia dirishani.

Alifungua bili kwa toleo la kwanza. Ukurasa ukasita, herufi zikaja nusu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na adui anayemjua. Kisha akaweka la pili na kufungua faili lile lile. Kurasa zikapita kama karata mkononi mwa mchezaji. Akarudi nyuma, zikapita. Akafungua chati kubwa ya matangi, ikafunguka papo hapo. Alikaa akizisogeza juu na chini muda mrefu kuliko alivyohitaji.

"Basi kulikuwa hamna kitu," kijana wa mita akasema.

"Wewe ile barua yako ya kazi uliichapisha kwenye printa gani?" Kengele akamwuliza ghafla.

Akafikiri. "Ya karibu na mlango wa meneja. Hii yetu ilikuwa imeisha wino."

"Na uliikimbilia kuichukua?"

Akaenda zake kwenye mita.

Meneja alikuja jioni watu wanavaa makoti. Shangazi alikuwa amesimama karibu na mashine yake mikono mifukoni, na nilijua ndani ya mifuko vidole vimekunjwa.

"Haya," meneja akamwambia Kengele, "ninyi ndio mlioleta shauri. Abaki au aende?"

Kengele alichukua muda kuzima kompyuta, kufunika kibodi na kuhesabu funguo zake.

"Abaki," akasema. "Lakini kila akijenga, mimi nakaa naye. Kuanzia mwanzo, na hiyo mistari ya onyo nitaisoma mimi, kwa kuwa yeye huwa anakwenda kuchemsha chai. Na kiti changu, akitaka kukikalia, aniombe."

"Nakubali," shangazi akasema haraka, kabla meneja hajauliza kama ni sawa.

Toleo lingine lilijengwa kabla likizo yangu haijaisha. Kengele alikuja na kiti chake mwenyewe, akakiweka ubavuni kwa shangazi, karibu kabisa. Kabla hawajaanza alimlazimisha kuandika jina la kompaila ya pili, mashine ijibu kwamba ipo, na akalisoma jibu lote hadi nukta. Mstari ukipita haraka alimkamata mkono shangazi: "Ule ulisemaje? Rudisha." Shangazi alirudisha bila kulalamika. Kama alikuwa analindwa au anasindikizwa, mimi sijui, na nadhani wao pia hawajakubaliana. Walifunga mlango kwa sababu ya kelele za koridoni. Nilipokuwa naelekea kunawa mikono nilimkuta meneja amesimama pale nje, karibu sana na mlango, na kikombe kisicho na kitu.

"Hivi hao wawili," akaniuliza kwa sauti ya chini, "wanajenga nini mle siku nzima?"

"Programu ya kuandikia barua," nikamwambia.

Akanitazama kwa muda, kama mtu ambaye hajajibiwa, halafu akabaki palepale.